Boti ya kukodi kwenye mfereji wa Oxford: uzoefu wangu, na ile simu ya usiku

"Hapo kuna mtu yeyote anayeelewa Kiingereza?" Ndivyo alivyoniuliza mfanyakazi wa kampuni iliyotukodisha boti, usiku, mama yangu amejikunyata kitandani chini ya makoti yetu yote. Nimeishi Coventry miaka mingi. Mimi ni muuguzi. Kila zamu napokea maagizo ya madaktari kwa simu na kuwaeleza Waingereza hali za wazazi wao kwa Kiingereza hicho hicho. Hitilafu nilikuwa nimeshamweleza taratibu, nikarudia. Alinielewa vizuri sana, ila hakutaka kutoka kwake usiku ule.

Jina la kampuni silitaji. Ilikuwa Aprili, siku za karibu na Pasaka. Mama alikuja kututembelea kutoka Tanga, ana zaidi ya miaka sabini, na mume wangu akasema tumwonyeshe Uingereza nyingine, si hospitali na maduka tu. Boti hizi ni ndefu na nyembamba mno, upana wake hauzidi mita 2 na kidogo, kwa sababu zimekatwa kutoshea malango ya mfereji, yaani vyumba vya maji vya kupandishia na kushushia boti, yaliyojengwa enzi za kusafirisha makaa ya mawe. Ndani kuna jiko, vitanda, choo na bafu. Unaendesha mwenyewe, leseni huulizwi. Siku ya kukabidhiwa, bwana yule alituonyesha mambo haraka haraka, macho kwenye simu yake. Nilipouliza kuhusu hita akasema, "Bonyeza hapa," akapita.

Usiku wa kwanza nikabonyeza hapo. Hita ikanguruma kidogo, ikatoa moshi kwa nje, ikazima. Nikabonyeza tena, ikazima tena. Wasioijua Aprili ya huku wanaona maua kwenye picha wakadhani joto limeshafika. Mchana jua linawaka kweli, lakini usiku ule nyasi za ukingoni ziliganda zikawa nyeupe, na boti ni chuma kitupu juu ya maji. Mama alisema, "Mwanangu, miguu siisikii." Nikaishika, ilikuwa baridi mpaka juu ya vifundo. Ndipo nikapiga simu.

Baada ya lile swali lake akanipa na ushauri: niwashe jiko la gesi, moto wote, niliache hivyo mpaka asubuhi. Hapa ndipo hasira yangu haijatulia mpaka leo. Ndani ya chumba cha chuma, madirisha yamefungwa, watu wamelala! Kwenye jiko lenyewe pamebandikwa onyo kwamba lisitumike kupashia chumba joto. Kaboni monoksaidi, gesi ya sumu inayotokana na moto kama huo, haina rangi wala harufu. Mtu anaumwa kichwa, anasinzia, ndiyo basi tena. Kanuni za usalama wa boti za huku zinadai king'ora cha gesi hiyo tangu 2019, na cha kwetu kilikuwa ukutani, juu ya kichwa changu, wakati ananiambia maneno hayo. Nikamwambia mimi ni muuguzi na sitafanya hivyo. Akasema basi nivae sweta. Akakata simu.

Mume wangu akawasha injini. Ilikuwa imepita saa mbili usiku, na sheria ya mifereji ni kwamba ukiwa umefunga boti karibu na wengine injini haiungurumi kuanzia saa mbili usiku hadi saa mbili asubuhi. Hazikupita dakika nyingi, tukasikia mtu anagonga. Alikuwa mzee wa Kiingereza anayeishi kwenye boti yake jirani na sisi. Hakuja kugomba. Aliona mama, akaangalia hita ambayo sasa ilikuwa imeshika moto vizuri, akasema zimeni injini nione. Akaleta kipimo cha umeme, akagusisha waya zake mbili kwenye betri. Injini ikiwaka kipimo kilisoma volti 14 na ushee. Ilipozimwa kikashuka 12. Hita ilipojaribu kuwaka kikaporomoka mpaka 11 na hita ikafa. "Betri zenu zimekufa," akasema, "na hazikufa leo."

Akatueleza. Hita hizi huchoma dizeli, lakini kabla mafuta hayajashika kuna kijiti ndani kinachopashwa moto kwa umeme wa betri, na kijiti hicho kinakula umeme mwingi. Betri ikichoka, hita inajizima yenyewe ili isimalize kilichobaki. Unaweza kusafiri mchana kutwa, injini ikachaji vizuri, na usiku bado usipate joto. Mtu wa kampuni anayezikagua boti kabla ya msimu anaona jambo hilo kwa dakika moja akitaka. Yule mzee alituletea mfuko wa mpira wenye maji ya moto na mablanketi mawili, akasema injini tuiache iwake saa nzima zaidi, akiulizwa atajibu yeye. Mama alimwombea dua kwa Kisambaa na mzee akainamisha kichwa mpaka akamaliza.

Fundi alikuja kesho yake mchana. Akabadilisha betri kimya kimya, pole hakutoa, akaondoka.

Sasa niseme na upande wa pili, maana nikinyamaza nitakuwa sijasema kweli. Mfereji wenyewe ni mzuri kuliko nilivyotarajia. Tulipanda malango 9 ya Napton, kinu cha upepo kikituangalia kutoka kilimani, halafu tukaingia kwenye kipande cha juu ambacho hakina lango hata moja. Hapo maji yanapinda na kupinda katikati ya mashamba karibu na Wormleighton, kwa sababu mhandisi wake, James Brindley, aliufuatisha mfereji usawa wa ardhi badala ya kukata vilima. Alifariki 1772, na maji yalifika Oxford mwaka 1790. Kijiji unakipita kulia, baada ya nusu saa unakiona tena kushoto. Mwendo hauruhusiwi kuzidi maili 4 kwa saa, kwa hiyo kila kitu unakiona: wana-kondoo wanarukaruka, bata na vifaranga vyake nyuma, bata-maji mweupe amelalia mayai kwenye matete na dume lake linatutunishia mabawa.

Mama aliomba ashike kana, yaani mpini wa usukani. Baba yake alikuwa mvuvi, na mtoto aliyekulia kwenye ngalawa hafundishwi kwamba ukisukuma kana kushoto omo, mbele ya boti, inakwenda kulia. Mimi na mume wangu tulikuwa tunafikiri kwanza. Yeye alisimama tezi, yaani nyuma ya boti, kanga juu ya koti langu la mvua, akaipitisha boti chini ya daraja la mawe bila kugusa popote. Watu waliokuwa wakitembeza mbwa ukingoni walimpigia makofi. Kwenye malango ya Claydon, tunakoshuka, alikuwa wa kwanza kuuona mstari mweupe ukutani unaoonyesha kizingiti cha mawe kilipo chini ya maji. Tezi ikibaki nyuma ya mstari huo wakati maji yanashuka, inakalia kizingiti na omo inazama. Alisimamia mstari ule mpaka tukafika Cropredy.

Kwa hiyo nendeni. Chukueni wazee wenu, nendeni hasa majira haya kabla ya msongamano wa kiangazi. Nilikuwa nimeshaweka nyota 3, kwa heshima ya mfereji.

Lakini juzi wamenijibu kuhusu amana. Wamekata sehemu yake, sababu waliyoandika ni kwamba "wateja waliharibu betri". Betri ambazo jirani alizipima usiku wa kwanza! Picha ya kipimo ninayo, mume wangu aliipiga. Nimeshusha nyota, imebaki 1, na hiyo 1 ni kwa sababu fomu haikubali sifuri. Madai yangu nimeyaandika, pamoja na ule ushauri wa jiko la gesi neno kwa neno, kwa sababu bwana yule wa simu atampa na mwingine ambaye si muuguzi.

Mama amesharudi Tanga, na kila tukiongea anauliza boti ya mwakani. Sijui nimjibu nini. Jana nilisema sirudi kwenye maji yale, leo asubuhi nimepigia kampuni nyingine na kitu cha kwanza nilichouliza ni betri zao zina umri gani.