Albamu ya pete kwa sisi tunaokusanya saini za noti

Albamu hii ya kuhifadhia noti, yenye pete zinazofunguka, nimeinunua Kariakoo kwa shilingi 35,000, ikiwa na kurasa za plastiki zenye mifuko mitatu mitatu. Kwa anayekusanya noti kwa ajili ya saini, naipendekeza.

Mimi ni wakala wa miamala ya simu Temeke, noti zinapita mkononi mwangu kutwa nzima. Noti zetu za toleo la 2010 hazina mwaka. Elfu mbili ya simba iliyoingia mtaani Januari 2011 na ya juzi, ukitazama harakaharaka, ni noti ileile. Umri wake utaujulia kwenye saini mbili, ya Waziri wa Fedha na ya Gavana. Za mwanzo ni Mkulo na Ndulu. Zipo za Mpango na Luoga, bado nyingi sana. Februari 2025 Benki Kuu ikaanza kutoa elfu mbili, elfu tano na elfu kumi zenye saini za Mwigulu Nchemba na Tutuba. Noti ya Mkulo ambayo haijachakaa sasa ni bahati, hasa buku, yaani noti ya elfu moja, maana buku haipumziki: daladala, genge, soko la samaki.

Kwa hiyo kila saini mpya inapotoka nahitaji kuingiza ukurasa katikati. Albamu iliyoshonwa haikuruhusu. Hii nafungua pete, nachomeka, nafunga.

Plastiki ndiyo niliyoikagua kwanza. Ile laini ya PVC, yenye harufu kali, ikikaa muda mrefu hutoa mafuta yanayonata na noti inaharibika. Hii ni kavu, haina harufu, na inaonyesha pande zote mbili, hivyo nasoma saini bila kuitoa noti na kuipaka jasho la vidole.

Kasoro ipo kwenye vipimo. Mifuko ni mipana kuliko noti zetu. Wekundu wa Msimbazi, yaani noti za elfu kumi, wanatulia kidogo, lakini buku inateleza kila unapofunua, na pembe zake zinajikunja. Mimi naweka kila noti kwanza kwenye kifuko chake kidogo kigumu, ndipo naiingiza. Ni gharama ya ziada, na kwa bei hii mtengenezaji angeweza kutufikiria.

Kabla hujalipa, uliza kama kurasa za ziada zinauzwa peke yake. Nilipochukua mimi zilikuwepo, shilingi 2,000 kila mmoja.