Mtembeza wageni wa Unguja atembezwa Siena

Kazi yangu ni kutembeza wageni Mji Mkongwe, na wengi wao ni Wataliana. Kitaliana chenyewe nilikiokota Kiwengwa, hotelini, nikibeba masanduku. Miaka 12 sasa nawaeleza watu milango ya Unguja, na katika miaka yote hiyo sijawahi kuwa mgeni wa mtu. Masika ya mwaka huu kazi hamna, ndugu yangu anayeishi Firenze, Italia, akanitumia tiketi, nami nikaona huu ndio wakati: nilipe kama wanavyolipa wao, nitembezwe, nione wenzetu wanafanyaje.

Nikachagua Siena. Kutoka Firenze ni basi la saa moja na robo hivi. Matembezi ya saa mbili, yuro 25, na tangazo la kampuni (jina nalihifadhi) lilisema kundi halizidi watu 15. Tulikuwa 31, nimehesabu mwenyewe, kuhesabu vichwa ni maradhi ya kazi. Tukagaiwa vidude vya kuvaa sikioni ili tumsikie mtembezaji. Changu kilikoroma kama redio ya mbao, nikakivua, nikawa nafukuzia mbele nimsikie kwa masikio yangu. Anayekaa nyuma katika kundi la watu 31 amelipia kutazama migongo.

Mtembezaji wetu alikuwa mama wa makamo, Msiena wa kuzaliwa, mwavuli mwekundu mkononi. Tulianzia kanisa la San Domenico, ambako wamehifadhi kichwa cha Mtakatifu Caterina. Mama huyo alifia Roma mwaka 1380, na kiwiliwili kimebaki huko huko. Mtembezaji hakutukalisha hapo. Watoto wawili kundini walikuwa wameshaanza kukunja uso, naye aliwaona kabla ya wazazi wao.

Kisha ikanyesha. Nimekimbia masika nyumbani, yamenifuata Siena. Mnara wa Torre del Mangia, ulio kwenye uwanja mkuu wa mji, ngazi kama 400, hufungwa mvua ikinyesha, kwa hiyo juu hatukwenda. Wenye kuutaka mnara wasitegemee siku moja tu.

Mvua hiyo hiyo ndiyo iliyonipa kilichonifanya niandike. Ilipokatika tulikuwa tumejibanza ukingoni mwa Piazza del Campo. Uwanja huu haukulala sawa, umeinama kama kombe la chaza kuelekea jumba la serikali ya mji. Umesakafiwa kwa matofali, na mistari ya mawe meupe inaugawa vipande tisa, ukumbusho wa wale Tisa, baraza lililoutawala mji mpaka mwaka 1355. Hayo yamo katika kila kitabu cha watalii. Mama akatusimamisha, akanyoosha mwavuli chini, akanyamaza. Hakusema neno dakika nzima. Tukaona maji yanateremka kutoka kila upande, yanakimbilia chini, yanakusanyika mbele ya jumba na kuingia kwenye tundu moja. Uwanja mzima ni bakuli, na tundu ndiyo tako lake. Hapo ndipo aliposema:

"Haya mnayoyaona yanaondoka. Taabu ilikuwa kuyaleta."

Siena haina mto. Iko juu ya vilima, na watu wa zama za kale walichimba mahandaki chini ya mji, wanayaita bottini, jumla yapata kilomita 25, kuvuta maji yaliyochujika ardhini na kuyaleta kwenye visima vya umma. Chemchemi ya Fonte Gaia juu ya uwanja hulishwa hivyo. Masanamu yake ya leo ni nakala, yale yenyewe ya mchongaji Jacopo della Quercia yamewekwa ndani, katika makumbusho ya Santa Maria della Scala. Mimi nimesimama mbele ya milango ya Mji Mkongwe mara elfu, nimeeleza misumari ya shaba mpaka ulimi umeota sugu, na sijawahi kumwambia mgeni hata mmoja kuwa Sayyid Barghash aliwaletea watu wa mji maji ya bomba.

Jua likatoka. Bila ya kutangaza kitu, akasogea hatua tano, nasi tukamfuata, tukajikuta ndani ya kivuli cha mnara. Kinalala uwanjani kama mkeka mrefu mwembamba, na watu wameketi juu yake wanakula aiskrimu. Kikisogea nao wanasogea. Kumweka mgeni kivulini bila ya yeye kujua amewekwa: hiyo ndiyo kazi, wallahi, mengine ni tarehe.

Kanisa kuu ni la marumaru nyeusi na nyeupe, mistari mistari. Sakafu yake ina picha 56 za mawe, lakini sehemu kubwa hufunikwa, hufunuliwa kiangazi na mpaka mwanzo wa vuli. Mei nilikuta imefunikwa, basi kwenu ninyi mnaoweza kuchagua mwezi, chagueni. Pembeni yake umesimama ukuta mrefu usio na nyumba. Mwaka 1339 walianza kulipanua kanisa liwe kubwa kupita kiasi, tauni ikaja 1348, na kazi ikasimama kabisa. Matao yapo, paa hakuna. Wenzangu walipiga picha. Mimi nilikumbuka Beit al-Ajaib yetu ilivyoporomoka, Disemba 2020, nikatazama pembeni.

Tulipofika mitaani mama alibadilika. Mji una mitaa 17, kila mmoja na bendera yake, kanisa lake na kisima chake. Vibao vidogo ukutani vinakuonyesha umetoka wapi umeingia wapi. Upo mtaa wa Twiga na mtaa wa Chui, nami nikasimama chini ya kibao cha Twiga nikapiga picha kama mtoto wa skuli. Tarehe 2 Julai na 16 Agosti mitaa kumi hushindana mbio za farasi pale pale uwanjani, mizunguko mitatu, bila ya tandiko. Farasi akimwangusha mpandaji na akafika wa kwanza peke yake, ameshinda. Mama ni wa mtaa wa Kobe. Nilimwuliza habari za mtaa wa Konokono, akanitazama kama niliyetukana. "Tupite," akasema, akapita. Sisi wa Simba na Yanga tunajidai tunajua uhasama.

Chakula ulizeni kabla, nguruwe yumo kila mahali. Nilikula pici, tambi nene za kusokotwa kwa mkono, kwa nyanya na vitunguu saumu, tamu. Mkate wao hautiwi chumvi, usidhani wamesahau.

Mwisho nikamwambia mama kuwa na mimi ni wa kazi hii. Akaniuliza mara moja: "Kwenu mnalipwa kwa kichwa au kwa kundi?" Nikamjibu. Tukasimama pale robo saa tukiyateta makampuni, ya kwake na ya kwetu, na maneno yalikuwa yale yale.

Nyota kwa kampuni: mbili, tena moja ni ya kufika kwa wakati. Kwa yule mama: tano. Ukitaka kumpata yeye bila ya watu 31, changeni watu wanne au watano mumkodi peke yenu. Na nunueni panforte, keki ngumu ya lozi na maganda ya matunda yaliyokolezwa sukari, ndani yake mdalasini na karafuu zinanukia kama ghala la Pemba. Nilinunua mbili za kumpelekea mama yangu. Moja imefika.