"Plastiki ni plastiki": gundi ya bomba iliyonimwagia maji pipa zima

Nilikuwa nimeamua nitulie kwanza ndipo niandike, lakini najua nikitulia nitasamehe, na hili sitaki kulisamehe haraka. Ni gundi ya mabomba, ile ya kopo yenye brashi iliyoshikana na kifuniko, niliyouziwa kwenye duka moja la vifaa vya ujenzi upande wa Mwembe Tayari. Duka silitaji jina. Ninachokitaja ni neno la muuzaji wake, maana halijanitoka masikioni hadi leo: "Mama, plastiki ni plastiki."

Mimi napika mahamri na mbaazi za asubuhi, hapa Majengo, Mombasa. Mwenye kazi hii anajua maji ni nini. Maji ya mji wetu yanatoka mbali, Mzima na Baricho, na mfereji ukikauka tunamngoja kijana wa mkokoteni na mitungi yake ya lita 20. Nina pipa la buluu la lita 210 jikoni. Kila alfajiri nainama kuchota kwa kopo, na mgongo umeshaanza kunisemesha. Nikawaza: nitoboe pipa pale chini, nipachike bomba la PVC, lifike hadi kwenye sinki, nifungue koki tu.

Sikwenda dukani mikono mitupu. Nilibeba kipande cha bomba, na kifuniko cha pipa nikakitia mfukoni, maana nilijionea kwa macho kwamba ni vitu viwili tofauti: bomba ni gumu, ukiligonga linalia, pipa ni laini kidogo, lateleza kama limepakwa nta. Nikaviweka vyote mezani mbele yake nikamuuliza, "Mwanangu, ipo gundi ya kushikanisha hiki na hiki?" Hakukigusa kifuniko. Macho yake yalikuwa kwenye simu. Akachukua kopo rafuni, akalitua mezani, akasema neno lake lile, na akaongeza kuwa hii inashika zote. Nikatoa shilingi 400.

Nyumbani nikafanya kila kitu kwa utaratibu. Nilisugua kwa msasa, nikafuta, nikapaka pande zote mbili, nikasukuma bomba, nikangoja tangu asubuhi hadi magharibi. Halafu nikanunua mitungi kumi, nikajaza.

Saa kumi za usiku niliamka kukanda unga, nikakanyaga maji. Jikoni kote maji. Mfuko wa unga wa ngano uliokuwa chini umelowa nusu yake. Bomba limelala sakafuni, na duara la gundi liko shingoni mwake kama bangili, zima, halina hata ufa. Nikapitisha ukucha kwenye tundu la pipa: mabaki ya gundi yakabanduka kama malai juu ya maziwa. Haikuwa imeshika kitu. Ilikuwa imekaa juu tu, ikakauka. Siku ile sikuuza.

Nikarudi dukani na bomba langu lenye bangili. Walikuwepo wateja wawili wanaume. Nikaeleza kwa adabu, na adabu ninayo, muulize yeyote mtaani kwetu. Akanijibu mbele yao: "Hukuipaka vizuri, mama. Kamlete mzee wa nyumbani nimweleze."

Mzee wa nyumbani ni mimi. Miaka yote hii ni mimi. Nilimwambia hivyo hivyo, akacheka, akamgeukia mteja mwingine. Kisha, kama wa kunipa pole, akanisogezea kichupa cha gundi ya tone, ile inayogandisha vidole. Nikainunua, nayo hiyo. Ilidumu hadi nilipoligusa bomba. Kwingine nikanunua ile ya mirija miwili unayochanganya. Hiyo ilikuwa ngumu kama jiwe, nikafurahi siku mbili. Siku ya tatu kijana wa maji aliegemeza mtungi kwenye bomba, gundi ikang'oka zima zima kama jino.

Ningeandika siku hiyo, gundi zote tatu zingepata nyota moja moja na matusi juu. Lakini jirani akanipeleka Bondeni kwa fundi mmoja mzee, na huyo ndiye aliyenibadilisha.

"Shikamoo babu." "Marahaba, mwanangu, nini kimekusibu?" Hakuniuliza habari za mume. Alikuja, akalipindua pipa akanionyesha pembetatu ndogo chini yake, ndani yake nambari 2. Akachukua kisu, akakwangua chembe ya pipa na chembe ya bomba, akazitia zote mbili kwenye gilasi ya maji na kuzizamisha kwa kidole. Ya bomba ikabaki chini. Ya pipa ikapanda juu ikaelea. Kisha akadondosha tone la maji ubavuni mwa pipa, tone likajikunja likaviringika kama juu ya jani la mgomba. "Maji hayataki kutandaa hapa," akasema. "Gundi itatandaa vipi?"

Hapo ndipo nilipofahamu. Gundi ya PVC haigandishi kwa nje. Dawa iliyomo inalainisha ngozi ya bomba na ngozi ya elbo, kile kiungo cha kona, zinaingiana, dawa inaruka hewani, kinabaki kitu kimoja. Pipa la buluu ni polithini, ndiyo ile nambari 2, dawa hiyo hailiyeyushi hata ungelipaka mara kumi. Viti vile vya plastiki vya kukodisha arusini navyo vina tabia hiyo hiyo. Ni polipropilini, nambari 5, na ndiyo maana mguu ukikatika gundi ya tone haiusaidii. Zipo gundi maalumu za plastiki hizi, za mchanganyiko, na ipo dawa ya kupaka kwanza kabla ya gundi ya tone, na wengine hupitisha moto wa haraka juu ya plastiki ili ikubali kushika. Babu alisema kwa kitu kinachobeba maji mchana na usiku, yeye hawezi kulala akitegemea gundi. Akapasha kipande cha bomba la chuma kwenye jiko, akalipanua tundu lile lile likawa mviringo safi, akaingiza koneta, kile kiungio cha kukazwa kwa nati, yenye washa ya mpira kwa ndani, akakaza nati kwa nje. Basi. Baina ya pipa na bomba hakuna hata tone la gundi.

Kutoka kwenye koneta kwenda mbele ni PVC kwa PVC, na hapo alitumia kopo langu lile lile nililolilaani. Na imeshika! Juzi juzi nilitaka kugeuza elbo moja ielekee ukutani, nikavuta, nikazungusha, nikagonga kwa nyundo, mwisho nikaikata kwa msumeno. Kwa hiyo haki yake niipe: gundi ni nzuri. Nne kwa tano. La, naipunguza iwe tatu, maana nimevaa miwani nikasoma kopo, na imeandikwa kweli kuwa ni ya PVC, lakini kwa herufi ndogo kuliko mbegu za ufuta, na picha ya mbele inaonyesha mabomba ya kila rangi.

Ingawa, nikifikiri tena, herufi zile zilikuwa upande wake yeye wa meza. Kifuniko changu kilikuwa mbele yake. Kukigeuza tu kingemchukua muda wa kusema "karibu". Gundi, chukua nne zako. Duka lile sina nyota yake.

Wiki iliyopita nilihitaji kopo jingine, nipeleke bomba hadi chooni. Nilipopita pale aliniita, "Karibu, mama." Nikavuka barabara. Duka la ng'ambo kulikuwa na msichana, na kabla hajagusa rafu akaniuliza, "Unashikanisha nini na nini, mamangu?" Nikatoa vipande vyangu viwili vya bomba nikamwekea mezani, akavichukua, akavigonga kimoja kwa kingine, akasikiliza.

"Hivi ni PVC vyote," akasema. "Hii itakufaa."

Shilingi 420. Nililipa bila kuomba kupunguziwa.