Kufufua Land Rover ya mzee hapa Arua: Kisekka sawa, duka la mtandaoni hapana, fundi wa sufuria nampa nyota zote

Kama una Land Rover ya zamani imelala nyuma ya nyumba na unawaza kuifufua mwenyewe, wacha nianze na jibu kabisa: spea za chini ya gari nunua Kisekka, lile soko la spea la Kampala, bodi peleka kwa fundi wa sufuria (ndiyo, umesoma vizuri), na hela usimtumie mtu ambaye hujui hata duka lake liko mtaa gani. Sasa maelezo.

Gari yenyewe ni ya marehemu mzee, Series III ya 1979, ile ndefu ya inchi 109 yenye milango mitano, petroli, injini lita 2.25. Imebeba mihogo, imebeba maharusi, imebeba wagonjwa wa mtaa mzima, halafu mzee alipoondoka ikakaa chini ya mwembe mpaka kuku wakahamia humo. Kaka zangu walitaka iuzwe chuma chakavu. Nikakataa, kwanza ni ya mzee, pili tangu ile sheria ya 2018 gari lililopita miaka 15 haliingizwi tena Uganda, kwa hivyo ukishaiuza hii usijidanganye eti utaagiza nyingine kama hiyo kutoka nje, imekwisha hiyo.

Tuanze na Kisekka. Kila mtu anajua ukitaka spea Kampala unateremka Kisekka, ila wanachosahau kukuambia ni kwamba pale panaishi kwa Toyota. Ukitamka Land Rover Series wanakuangalia kama umeulizia spea za ndege. Na mimi ni mwanamke, kwa hiyo swali la kwanza la muuzaji lilikuwa "nnyabo, mume wako amekutuma nini?" Nikamwekea hab ya gurudumu juu ya meza yake na grisi yake yote, nikamwambia mume amenituma beringi. Tukaelewana tangu hapo, na mpaka leo nampigia simu ananiwekea vitu.

Ujanja ni huu, usitaje gari. Beringi haijui gari, inajua namba. Osha ile kuukuu kwa petroli mpaka usome namba iliyochongwa ubavuni, muonyeshe muuzaji, mara nyingi atakutolea ileile kutoka kwenye boksi la trela au la lori. Oili sili nazo hivyohivyo, unapima upana wa ndani, wa nje na unene basi, hakuna haja ya kuanza hadithi ya Waingereza. Kwa njia hiyo nimepata beringi za magurudumu, sili, krosi za propela shafti, hosi za radieta, plagi, na bomba za breki wanakukunjia palepale ukiwa umesimama unakula rolex yako (chapati iliyoviringishiwa mayai). Mzigo anaupakia kwenye basi la usiku, unapita Karuma, unapita Pakwach, asubuhi naenda stendi nauchukua na boda.

Kitu kimoja tu uwe macho nacho, nati na bolti. Hii gari ni ya Uingereza, nyuzi zake ni za inchi, za Kijapani ni milimita, na makanika wetu wengi wakipoteza bolti ya inchi wanalazimisha ya milimita, inaingia mizunguko miwili inajifanya imekaza kumbe imekata nyuzi zote. Nimezikuta hizo karibu kila mahali, mpaka kwenye breki, na sisi tulikuwa tunateremka nayo milima watoto wamejaa nyuma, Mungu tu. Tafuta seti ya spana za inchi (7/16, 1/2 na 9/16 ndizo utakazozishika kutwa nzima) na bolti za inchi usitupe hata moja.

Kisekka nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa sababu kama wauza spea wote wa dunia hii kila kitu kwao ni orijino, ukiuliza mara ya pili kinakuwa orijino ya Dubai, ukiuliza ya tatu bei inashuka.

Duka la mtandaoni sitalitaja. Nilitaka yale mabakuli mawili ya kromu yaliyo nyuma ya magurudumu ya mbele, ambayo gurudumu linageukia hapo, ya kwangu yalikuwa na vishimo vya kutu na oili inavuja chini kila siku. Picha safi, jamaa anajibu haraka, nusu ya hela akaitaka kwa mobail mani, nikatuma. Kimya. Halafu ukaja mzigo wa mtumba, wa modeli nyingine kabisa, una vishimo kuliko vyangu. Kurudisha hela akaanza "subiri bosi". Nyota sifuri na kama ingekuwepo chini ya sifuri ningeibonyeza. Nikarudi kwa yale yangu ya zamani, nikajaza vishimo kwa epoksi ya chuma, nikapiga msasa mpaka kidole kikateleza, nikatia sili mpya, na badala ya oili ya gia ya EP90 nikaweka ile grisi laini ya pakiti inayotengenezwa kwa ajili ya hapohapo. Kuvuja kumekata, labda tone moja moja, na Land Rover isiyovuja kabisa ujue oili imekwisha.

Ukihitaji kitu ambacho ni cha Land Rover tu, hakina ndugu, tafuta mtu Nairobi. Leyland Kenya kule Thika walikuwa wanaziunganisha hizi gari tangu miaka ya 1970, ndiyo maana mpaka leo Grogan, mtaa wa spea wa Nairobi, unapata vitu ambavyo huku ni ndoto. Mimi nina binamu Busia mpakani, anavuka, ananunua, ananitumia, na ananitoza chai kubwa lakini vitu vinafika.

Chesisi tumeifanyia hapahapa uani. Ni boksi la chuma na linaoza kutoka ndani, kwa hiyo rangi ya nje isikudanganye, pita na nyundo ndogo unagonga, palipo pazima panalia, palipooza panajibu bubu. Fundi wa kuchomelea wa mtaani kwetu amekata zile mbavu za pembeni zinazoshika bodi akatengeneza mpya kwa bati nene, kazi nzuri, na tangu umeme wa gridi ufike huku 2023 angalau mashine haizimiki katikati ya mshono kama zamani. Ila simamia mwenyewe. Mwambie achomoe betri, na tanki (kwenye hii ndefu ya stesheni wagoni liko nyuma) mlitoe kabisa lipelekwe mbali kabla hajawasha chochote. Tukimaliza tukapulizia oili chafu ndani ya boksi, inanuka wiki nzima lakini kutu haipendi.

Sasa mtu wangu. Watu wengi hawajui kwamba bodi ya Land Rover si bati la chuma, ni alumini, kwa sababu ilipozaliwa 1948 Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa cha kupimiwa. Panel bita wa kwanza niliyemuita hakujua, au alijua akapuuza, akawasha gesi kwenye madigadi akisubiri iwe nyekundu ndipo aigonge. Alumini haiwi nyekundu, inakaa vilevile inakutazama halafu ghafla inadondoka chini kama uji. Tundu la ngumi. Alitaka kuliziba na puti.

Shangazi ndiye aliyesema, si umpelekee yule mzee anayeziba sufuria zangu za harusi. Nikacheka, nikaenda. Mzee akaigonga madigadi kwa kucha, akaipima mkononi, akasema "mwanangu, hii ni sufuria."

Anachofanya ni hiki. Anasugua sabuni ya mche juu ya sehemu iliyobonyea, anapasha moto polepole kwa chini, sabuni inakuwa kahawia, ikishakuwa nyeusi anaondoa moto hapohapo. Alumini ikipoa inakuwa laini, anailaza juu ya gunia la mchanga na kuigonga kwa nyundo ya mti, taratibu, kama hana haraka na maisha. Ikianza kuwa ngumu tena anarudia sabuni. Lile tundu akakata kiraka kutoka bati la alumini, akapiga riveti za alumini, na kila mahali bodi inapokutana na chuma akaweka ukanda wa tyubu la tairi, maana hivyo viwili vikigusana na maji yakaingia, alumini inageuka unga mweupe. Sikumwambia mimi, alilijua mwenyewe kwa sababu ya mishikio ya chuma kwenye sufuria.

Hata lile paa la pili la juu, lile la nchi za joto ambalo hewa inapita katikati ndani pasiwe tanuru, ambalo mwembe ulikuwa umelibonyeza vibaya, amelinyoosha ukiwa mbali huoni kitu. Bei alinitajia ya sufuria kubwa, nikaongeza mwenyewe kwa aibu.

Ubaya wake? Msimu wa harusi humpati, rangi hapigi, na milango alivyoirudisha miwili inafungwa vizuri na miwili inataka teke. Nyota tano hata hivyo.

Gari inawaka, inakwenda, imekwishaenda shamba na kurudi na mihogo. Kilichobaki ni vifuniko vya yale matundu ya hewa ya paa na kile kirungu cha njano cha kushindilia fo-wili. Mwenye navyo aseme bei, na picha apige mchana, asipige kwa tochi ya simu.