Uzoefu wangu: kupima usalama wa programu za simu kwa adb

Kazi yangu hapa Dodoma ni kukagua programu za simu kabla hazijawafikia wanachama wa vyama vya akiba na mikopo, ambao wengi wao ni wakulima wa zabibu na alizeti. Zana ninayoanza nayo kila mara ni adb, ambayo Google huitoa bure, na ambayo huunganisha kompyuta na simu ya Android kisha ikaendeshwa kwa amri za kuandika. Zipo zana zenye mwonekano wa kuvutia zaidi, lakini hii hunionyesha kile ambacho fundi simu wa Majengo angeweza kukiona akiachiwa simu pamoja na namba yake ya siri, na huku kwetu simu huachwa hivyo kila siku.

Amri ninayoitegemea zaidi ni logcat, inayoonyesha logi, yaani kumbukumbu ambazo programu huandika zinapofanya kazi. Ukiichuja ibaki na programu moja tu, utaona kila mstari ambao programu hiyo inauandika wakati mwanachama anaingia, anaangalia salio au anatuma fedha. Katika programu moja niliyokabidhiwa, namba ya siri ya mwanachama ilitokea humo wazi kabisa, ikifuatana na tokeni ya kuingilia, yaani msimbo unaomtambulisha mwanachama aliyekwisha kuingia. Wasanidi hujibu kwamba tangu Android 4.1 ya mwaka 2012 programu za kawaida haziwezi kusoma logi za programu nyingine. Ni kweli, lakini mwenye waya na simu iliyofunguliwa anaweza kuzisoma, na hata ripoti ya hitilafu inayotumwa kwa watu wa huduma huzibeba.

Amri ya run-as nayo ni kipimo kizuri, kwa kuwa hufanya kazi tu kwa programu iliyoachwa katika hali ya utatuzi, ambayo wasanidi huitumia kutafuta makosa wakati wa kuitengeneza. Ikikubali kwenye toleo linalosambazwa kwa wananchi, mafaili ya ndani ya programu hiyo yako wazi, na hapo mimi husimamisha ukaguzi na kuirudisha kwa wasanidi. Kwa amri ya am start mimi hujaribu kufungua kurasa za ndani moja kwa moja, nione kama ukurasa wa salio utafunguka bila kupitia ukurasa wa namba ya siri.

Kasoro zipo. Logi bila kuchujwa ni mafuriko, na miongozo mingi ya zamani bado inasifia adb backup, amri ya kunakili data za simu kwenye kompyuta, ingawa tangu Android 12 amri hiyo haitoi data za programu nyingi mpya. Nyaya nyingi za madukani ni za kuchajia tu. Ndiyo maana nafurahia muunganisho wa Wi-Fi usiohitaji waya hata mwanzoni, ulioletwa na Android 11.

Sianzi bila kibali cha maandishi cha mwenye programu, kwa sababu Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingilia mfumo bila ruhusa. Nikimaliza, nazima Utatuzi wa USB, mpangilio wa simu unaoiruhusu adb kuunganishwa, na kubatilisha idhini zote za kompyuta kabla simu haijarudi kwa mwenyewe.