Laki Moja ya Kujitangaza Arusha: Uanze Kununua Nini, Uache Nini

Ukisema una laki moja ya kutangaza biashara yako hapa Arusha, watu watano watakushauri mambo matano, na wanne kati yao wanauza hicho wanachokushauri. Mwenye mashine ya kuchapa atasema bango. Kijana wa mitandao atasema Instagram. Mwenye gari lenye spika juu atakuonyesha gari.

Mimi nafuma masweta ya shule. Nina chumba kimoja Kaloleni na mashine mbili za mkono, na tangu nianze nimeshanunua karibu kila aina ya tangazo linalouzwa mjini hapa, mengine kwa akili zangu na mengine kwa kushawishiwa. Nimeyapanga kuanzia lile ambalo ningelinunua tena kesho asubuhi, mpaka lile ambalo hata nikipewa bure nitajifikiria. Kipimo changu ni kimoja: mtu aliyenunua kwako mara moja, au aliyesikia habari zako kwa jirani, akikuhitaji tena atakupata?

Wenye kampuni za kupeleka wageni mbugani na mlimani wana dunia yao, mteja wao yuko Ujerumani au Marekani. Haya ni ya fundi, mama lishe, saluni, mfugaji wa kuku na mwenye genge.

Nafasi ya kwanza: lebo kwenye bidhaa yenyewe

Wazee husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na mimi niliishikilia methali hiyo kama kisingizio cha kutotumia hela. Masweta yangu yalikuwa mazuri kweli. Yalikuwa yanatembea mji mzima, yamevaliwa na watoto, kuanzia Sanawari mpaka Unga Limited. Tatizo, hakuna aliyejua yametoka wapi. Siku moja mama mmoja alikuja kwangu kwa bahati tu, akaliona sweta mezani akasema, "Dada, kumbe ni wewe! Mwaka mzima namtafuta aliyemfumia mtoto wa jirani yangu." Mwaka mzima, na mimi nipo mtaa wa pili.

Tangu hapo kila sweta lina kipande cha utepe wa satini ndani ya kola, kimechapwa jina la biashara na namba ya simu. Vya kwangu vinanigharimu chini ya shilingi 200 kimoja, na mtoto analivaa sweta lile miaka miwili kabla halijarithiwa na mdogo wake. Zipo pia lebo za kufumwa, ambazo hazifutiki kwa kufuliwa, ila watengenezaji wake hutaka uagize nyingi kwa mkupuo. Anza na za kuchapwa, na kabla ya kulipa chukua moja uifue kwa sabuni ya mche mara tano. Wino ukikimbia, na wewe kimbia.

Kama huuzi nguo, tafuta mahali pako pa kushonea lebo. Fundi magari anabandika stika ndogo kwenye kona ya kioo, yenye tarehe ya kubadilisha oili na namba yake. Mama anayetengeneza achari au siagi ya karanga ana kifuniko. Muuza duka ana mfuko: tangu Juni 1, 2019, mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku, watu wanaitunza mifuko mbadala na kurudi nayo sokoni wiki baada ya wiki. Ukichapa jina lako juu yake, chagua rangi moja. Katika uchapaji wa skrini kila rangi ina fremu yake, na kila fremu unailipia.

Nafasi ya pili: WhatsApp ya biashara

Ni bure, na wengi tunayo tayari, lakini tunaitumia kama ile ya kawaida. Programu ya WhatsApp Business, iliyotoka 2018, ina katalogi unayoweza kuweka hadi bidhaa 500 zenye picha na bei, ina majibu ya haraka, na ina lebo za kutenganisha aliyelipa na aliyeuliza tu. Weka bei. Najua wapo wanaoamini kuandika "njoo inbox" kunamvuta mteja. Mimi naona kunamchosha, na aliyechoka anakwenda kwa mwingine mwenye bei ukutani.

Kuna jambo moja ambalo wauzaji wengi hawalijui. Orodha ya kutuma ujumbe mmoja kwa wengi huchukua watu 256, na humfikia yule tu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Stetasi nayo ni hivyo hivyo, haimfikii asiyekuhifadhi. Kwa hiyo mteja akilipa, usimwache aondoke kabla hujamwambia, "Mama, nihifadhi, Januari nitakukumbusha." Hizo sekunde kumi zina faida kuliko bando zima la kuposti.

Picha piga nje asubuhi au jioni, siyo ndani chini ya taa. Sweta la kijani la shule likipigwa chini ya taa linaonekana la bluu, mteja akifika anadhani umemdanganya.

Nafasi ya tatu: kibao cha mlangoni na pini kwenye ramani

Nimeviweka pamoja kwa sababu kimoja kinamhitaji mwenzake. Kuiweka biashara kwenye ramani ya Google ni bure, lakini siku hizi mara nyingi wanataka uthibitishe kwa video inayoonyesha mtaa, jina la biashara lililoandikwa, na wewe mwenyewe ukifungua mlango au ukifanya kazi. Bila kibao, video hiyo utaipigaje? Nguzo za majina ya mitaa na namba za nyumba zilizowekwa wakati wa operesheni ya anwani za makazi mwaka 2022 zinasaidia pia, zionyeshe. Ukishathibitishwa, waombe wateja watano wa kweli wakuandikie maoni. Usiwaombe shemeji zako watano, inaonekana.

Sasa kibao chenyewe. Kosa kubwa la mji huu ni kuandika jina kwa herufi kubwa na kazi kwa herufi ndogo. Mtu aliye ndani ya kifodi, daladala zetu za hapa, anasoma "Neema ya Bwana Investment" na kifodi kimeshapita, hajui kama unauza sementi au unasuka nywele. Andika kwanza MASWETA YA SHULE, kisha namba, kisha jina ukipata nafasi. Herufi yenye kimo cha sentimita 10 inasomeka vizuri kutoka mita kama 12. Ukitaka ya kusomwa upande wa pili wa barabara pana, iongeze.

Bango la turubai, lile mafundi wanaloliita fleksi, huuzwa kwa mita ya mraba. Bango la mita mbili kwa moja ni mita mbili za mraba, hesabu mwenyewe kabla hujatajiwa jumla. Uliza kama matundu ya pembeni ya kufungia kamba yamo kwenye bei, na kama kuchora mchoro kunalipiwa peke yake. Jua letu na vumbi hulichakaza, na upepo ukilikuta halijafungwa vizuri hulichana. Mimi nilirudi kwa msanii anayeandika kwa mkono juu ya bati. Alinilipisha zaidi kidogo, ila rangi ile imeshapita masika mawili na bado inang'aa.

Halafu kuna kibali. Kibao kinalipiwa halmashauri, kwa hiyo pita ofisini uulize kabla hujachapa, maana ukubwa una hesabu yake. Na kama uko kandokando ya barabara kuu, tuseme Tengeru au Usa River kwenye njia ya Moshi, kumbuka hifadhi ya barabara kwa sheria ya 2007 ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Ukisimamisha nguzo ndani ya eneo hilo bila ruhusa ya TANROADS, siku wakija na rangi nyekundu usilie.

Nafasi ya nne: matangazo ya kulipia Instagram na Facebook

Hapa nilipigwa. Nilimpa kijana mmoja 60,000 anisimamie tangazo kwa siku kumi. Simu ikalia kweli, nikafurahi, mpaka nilipoanza kuuliza watu wako wapi. Mbeya. Mtwara. Mmoja Bukoba, ananiuliza kama namjua mwalimu wa shule ya mwanawe. Kijana alikuwa ametangaza Tanzania nzima, na sweta moja kulituma kwa basi kunakula faida yote.

Kosa halikuwa la mtandao. Tangazo unaweza kulifunga lionekane ndani ya kilomita chache tu kuzunguka mji, na ukachagua kitufe kinachomleta mtu moja kwa moja WhatsApp. Jifunze kulifanya mwenyewe kwa kadi ya benki au kadi ya mtandaoni ya kwenye simu, anza na dola moja au mbili kwa siku kwa siku tano, kisha hesabu waliolipa, siyo waliopenda picha. Kabla ya hapo ingia kwenye maktaba ya matangazo ya Meta, wenye Facebook na Instagram, iko wazi kwa kila mtu, utafute wanaouza kama wewe. Utaona matangazo yao yanayoendelea na tarehe yalipoanza. Lililodumu miezi huenda linamlipa mwenyewe.

Wafuasi wa kununua sahau. Hawana watoto wa shule.

Nafasi ya tano: siku za soko

Ngaramtoni ni Alhamisi na Jumapili, Tengeru Jumatano na Jumamosi. Unalipa ushuru, unatandika, unauza na unajitangaza kwa wakati mmoja. Ningepandisha juu zaidi kama siyo kwamba siku hiyo mashine zangu zinalala. Mwenye msaidizi aihesabu nafasi ya tatu.

Redio, meseji na gari la spika

Redio za hapa zinasikilizwa sana, hasa kwenye saluni na vifodi, lakini tangazo likisomwa mara moja limepotea. Kama huna hela ya kurudiarudia wiki mbili, subiri. Ukinunua, dai orodha ya saa litakaposomwa.

Meseji za jumla ni nafuu kama namba ni za wateja wako waliokubali. Meseji moja ni herufi 160, ukizidisha unalipa mbili. Akija mtu kukuuzia orodha ya namba elfu tano, mkatalie: sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi iliyoanza kutumika Mei 2023 haichezewi, na zaidi ya hapo wewe mwenyewe unazichukia meseji za namna hiyo.

Gari la spika linahitaji kibali, linapita mbio, na likipita kwenye msiba unachukiwa na mtaa mzima.

Mkiani: kadi na vipeperushi

Vipeperushi vya kugawa stendi vinaishia kufungia karanga. Kadi zina kazi kidogo, lakini chapa 100, siyo 500. Mimi nilichapa 500, nikaletewa sampuli, nikaitazama rangi na maua nikasaini. Namba ya simu ilikuwa na tarakimu tisa. Fundi alinionyesha saini yangu, na alikuwa na haki. Siku hizi namba yoyote inayochapwa naipigia kwanza kwa simu ya mtu mwingine, nikiisoma kutoka kwenye sampuli, siyo kichwani.

Chochote utakachochagua katika vya kuchapwa, agiza Septemba. Ikifika Novemba mafundi wote, hapa na Moshi, wamezama kwenye kadi za harusi, mabango ya mahafali na kalenda, na sisi wa masweta msimu wetu ni Desemba na Januari. Mwaka juzi nilipeleka kazi ya lebo Novemba tarehe 20. Nilizipata shule zimeshafunguliwa wiki ya pili.