Mbuga ya Nairobi: uingie alfajiri au alasiri?

Ada ya kuingia ni ile ile saa zote, na hulipwa kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali. Lipa ukiwa nyumbani. Kuhangaika na simu mbele ya lango kunakula ile nusu saa uliyoamkia.

Lango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Kwa wanyama, alfajiri inashinda wazi. Simba bado anatembea, wakati mwingine katikati ya barabara, na fisi anarudi zake na tumbo limejaa. Jua likipanda, simba yule yule ni sikio moja tu kwenye nyasi, na magari kumi yameshalizunguka. Ila Julai usitegemee picha: asubuhi ni mawingu na baridi, majengo ya mjini hayaonekani nyuma ya twiga. Beba chai ya thamosi.

Alasiri hamna usingizi wa kukatiza, watoto wameshakula, na mwanga wa saa kumi na moja ni mtamu. Shida ni kutoka. Mbuga hufungwa saa kumi na mbili jioni, nawe unaingia Lang'ata Road kwenye foleni ya watu wa Rongai.

Mwenye gari lake na mgeni wa siku moja, mimi ningemwamsha saa kumi. Anayetoka Kayole na watoto watatu kwa matatu, kisha apande basi la mbugani, aende mchana bila kujilaumu.